UZI: Leseni ya Windows imefungwa kwenye bodi ya laptopu yako, usikubali kuilipia mara mbili

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu jambo hili linawala watu hela kila siku, na wanaoliwa wengi hawajui. Mtu ananunua laptopu ya mtumba iliyotoka Ulaya au Marekani, anaipeleka kwa fundi apigiwe Windows upya. Fundi anapiga, kisha anadai hela ya ziada ya kuiamilisha (activate), yaani kuithibitisha kwa Microsoft kuwa ni halali. Mwenye mashine analipa. Kumbe leseni halali imo ndani ya mashine ile ile tangu ilipotoka kiwandani, na Windows ingejiamilisha yenyewe mara tu ikishika intaneti, laiti fundi angepiga toleo linalolingana na leseni hiyo.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na jambo hili linaniuma, maana anayelipa mara mbili kwa kawaida ni mwanafunzi wa chuo au mtu wa steshenari ambaye hela hiyo angeinunulia wino.

Tuanzie mbali kidogo. Zamani ulikuwa unaingiza namba iliyoandikwa kwenye kasha la CD na mchezo umeisha, CD moja ilizunguka mtaa mzima. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ndiyo iliyobadili mambo kwa mtumiaji wa kawaida. Ukishaiweka ulipewa siku 30 uiamilishe, kwa intaneti au kwa simu. Wakati wa kuamilisha ilisoma vipande vya mashine, kama vile prosesa, kiasi cha RAM, diski, kadi ya picha na kadi ya mtandao, ikavifupisha kuwa alama moja ya kuitambulisha mashine, na alama hiyo ikafungwa na ufunguo wako kwenye seva za Microsoft. Ukibadili kipande kimoja au viwili hakuna neno. Vikizidi, inakudai uamilishe upya. Kadi ya mtandao ilipewa uzito kuliko vingine.

Utaratibu huo uko hadi leo, ila kwenye Windows 10 na 11 kinachobeba uzito hasa ni bodi kuu (motherboard). Ongeza RAM, toa diski ya zamani uweke SSD, badili betri, kioo, kibodi: leseni haitikisiki. Badili bodi, na kwa macho ya Microsoft hiyo ni kompyuta nyingine kabisa.

Sasa leseni zenyewe. Iliyo kwenye laptopu nyingi tunazonunua inaitwa OEM, yaani mtengenezaji wa mashine aliinunua kwa bei ya jumla akaiweka kiwandani. Leseni hii haihami. Inaishi na bodi na inakufa na bodi, isipokuwa pale bodi inapoharibika na mtengenezaji au wakala wake akaibadili, hapo leseni inaendelea. Kwenye mashine za Windows 7 kurudi nyuma ufunguo wa herufi na namba 25 ulichapwa kwenye stika chini ya laptopu, ile stika ambayo ikishakaa kwenye mapaja miaka mitatu inafutika yote. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa waliacha kuuchapa. Kila mashine inapewa ufunguo wake peke yake, unaandikwa ndani ya chipu ya BIOS, ile programu ya kwanza inayowasha mashine, kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Ndiyo maana stika za siku hizi zina nembo tu. Ufunguo upo, ila umehamia ndani.

Aina ya pili ni ile unayonunua mwenyewe dukani au mtandaoni. Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home (toleo la nyumbani) ni dola 139 na Pro (toleo la kazini) dola 199. Hiyo unaweza kuihamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine, mradi isikae kwenye mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu ni ya taasisi: kampuni inapewa ufunguo mmoja wa mashine nyingi, au inaweka seva yake ya ndani inayoitwa KMS, na kompyuta za ofisi zinaamilishwa kupitia seva hiyo.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hawalijui. Leseni ya Windows ya taasisi kisheria ni ya kupandisha daraja tu. Kampuni haiwezi kuinunulia kompyuta tupu, lazima mashine iwe tayari na leseni inayokubalika, na mara nyingi hiyo ni OEM ya Pro. Kwa hiyo zile laptopu zilizotolewa na maofisi ya Ulaya, ambazo ndizo zimejaa Kariakoo na pale Luthuli Avenue Nairobi, nyingi zina Pro yao kwenye BIOS. Mtu aliilipia zamani. Ni yako, imekuja na bodi.

Jinsi ya kuhakikisha. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri za Windows) kama msimamizi, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitokea ufunguo wa herufi 25, huo ndio wa kiwandani, ulio kwenye BIOS. Halafu andika slmgr /dli. Kijidirisha kitakuja na mstari wa maelezo. Ukisoma OEM_DM, unatumia leseni ya kiwandani. RETAIL ni ya dukani au ya kidijitali. Ukisoma VOLUME_KMSCLIENT wakati mashine ni yako binafsi, ujue fundi alikuwekea kraki, yaani programu ya kuidanganya Windows ijione imeamilishwa. Mwisho andika slmgr /xpr, itakuambia kama imeamilishwa kwa kudumu au itakutajia tarehe ya kuisha.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu uzi mzuri sana. Mimi yangu ni Windows 10 iliyopandishwa kutoka Windows 7. Nimetoa diski ya zamani nataka kuweka SSD mpya. Ufunguo niliusoma kwa programu fulani kabla ya kutoa diski, unaishia na 3V66T. Nikiuingiza kwenye SSD utakubali?

#3 Mleta uzi

Mkuu, huo ufunguo hauna thamani yoyote peke yake. Unaoishia 3V66T ni wa jumla wa Pro, na unaoishia 8HVX7 ni wa jumla wa Home. Mamilioni ya kompyuta duniani yanaonyesha herufi hizo hizo. Kinachokuamilishia ni leseni ya kidijitali: Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ilikuwa bure kwa mwaka mzima kwa waliokuwa na 7 au 8.1, na kila mashine iliyopandishwa ilisajiliwa kwenye seva za Microsoft kwa alama ya vifaa vyake. Hakuna ufunguo wa kutunza.

Kwako ni rahisi. Weka SSD, piga Windows, ikikuuliza ufunguo chagua kwamba huna, kisha chagua Pro. Ukiingia intaneti itajikuta imeamilishwa, kwa kuwa bodi ni ile ile. Ila uchague toleo lile lile. Mtu aliyekuwa na Home akipiga Pro seva haimtambui, na hapo ndipo safari ya kraki inapoanzia.

Na usichelewe kufunga leseni hiyo na akaunti yako ya Microsoft. Uwezo huo uliletwa na sasisho la Agosti 2016. Siku bodi ikibadilika, Windows itakupa kosa 0xC004F211, maana yake vifaa vimebadilika. Unaingia sehemu ya kutatua tatizo la uamilishaji, unachagua kwamba umebadili vifaa karibuni, unaingia akaunti na kuichagua mashine yako ya zamani kwenye orodha. Kama leseni ni ya dukani inahama. Ya OEM usiiwekee matumaini.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Asante kwa elimu, ndugu yangu. Yangu ilikuwa na neno la siri la BIOS, nikampelekea fundi akalitoa. Ilirudi inawaka vizuri, lakini Windows ikaanza kuniambia haijaamilishwa, na nikiingia BIOS pale penye namba ya mashine naona namba nyingine kabisa. Amenibadilishia bodi?

#5 Mleta uzi

Si lazima awe amekubadilishia bodi, pole sana. Alichofanya karibu kila mara ni hiki. Kuna kifaa kidogo cheusi kinaitwa CH341A, mafundi wengi wa bodi wanacho mezani, bei yake ndogo. Unafungua laptopu, unatafuta chipu ya BIOS yenye miguu minane, unaibana na klipu bila hata kuing'oa, unaisoma kwa kompyuta nyingine. Njia ya mkato ya kuondoa neno la siri ni kuifuta chipu yote na kuandika faili la BIOS lililopakuliwa mtandaoni, lililotolewa kwenye mashine ya mtu mwingine wa modeli hiyo hiyo.

Chipu hiyo haikubeba neno la siri peke yake. Ndani yake kulikuwa na namba ya mashine, utambulisho wake wa kipekee, na lile jedwali la MSDM lenye ufunguo wako wa Windows. Vyote vimefutwa, vimeingia vya mtu mwingine. Ndiyo maana namba haifanani na iliyobandikwa chini, na seva ya Microsoft inaiona mashine ambayo haijawahi kuiona, au inayofanana na nyingine.

Fundi anayejua kazi husoma chipu kwanza na kuhifadhi nakala yake kamili kabla ya kugusa chochote. Rudi kwake umuulize kama alihifadhi. Kama analo faili la mwanzo, namba yako na ufunguo wako vinaweza kutolewa humo na kurudishwa. Kama hakuhifadhi, ufunguo huo umepotea, labda uwe uliuandika mahali.

Wakuu wote mnaosoma hapa: kabla ya kupeleka laptopu kwa fundi wa bodi, endesheni ile amri ya PowerShell, ufunguo utakaotokea muandike kwenye daftari. Kazi ya dakika moja.

#6 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mleta uzi unawatisha watu bure. Kraki ya KMS ipo na ni bure, inafanya kazi miaka yote. Microsoft ni matajiri, hawatakufa njaa kwa sababu ya laptopu yangu ya Kariakoo.

#7 Mleta uzi

Mkuu, utajiri wa Microsoft haunisumbui hata mimi. Nazungumzia mashine yako.

KMS halisi iko hivi: kompyuta ya ofisi inaongea na seva ya ofisi, inapewa siku 180, na kila baada ya siku saba inajaribu tena kuongeza muda. Seva hiyo haianzi kutoa mpaka kompyuta zinazoiomba zifike 25. Kraki inaigiza seva hiyo. Aidha inaweka seva bandia ndani ya laptopu yako, au inaielekeza laptopu kwenye seva ya mtu usiyemjua aliyeko mtandaoni. Ili isife inabidi iwe na kazi inayojiendesha yenyewe kila mara kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Na sharti la kwanza kwenye maelekezo yake ni uzime antivairasi.

Umeruhusu programu usiyoijua mtungaji wake iendeshe mashine yako kwa mamlaka yote, kwenye laptopu hiyo hiyo unayofungulia benki na barua pepe. Nimefungua mashine za wateja nikakuta kando ya kraki kuna programu inayochimba sarafu za kidijitali, feni inalia mchana kutwa na mwenyewe anadhani ni vumbi.

Na kinachonisikitisha zaidi: nyingi ya mashine hizo, ukiendesha ile amri, ufunguo halali wa Pro unatokea pale pale. Kraki imewekwa juu ya leseni iliyokwisha kulipiwa, kwa sababu tu fundi ana flashi moja yenye Windows iliyochezewa, au Enterprise (toleo la makampuni), na anaipigia kila laptopu inayoingia dukani. Flashi iliyotengenezwa kwa zana rasmi ya Microsoft inasoma BIOS na kuchagua toleo yenyewe.

#8 Mchangiaji, Ujerumani

Salamu kutoka huku. Niongeze upande wa sheria, maana huku mambo ni tofauti kidogo.

Mwezi Julai 2000 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba Microsoft haiwezi kumzuia muuzaji kuuza nakala ya OEM peke yake bila kompyuta. Hoja ilikuwa kwamba nakala ikishauzwa kihalali mara ya kwanza, mwenye hakimiliki hana tena mamlaka ya kuifuatilia inakokwenda. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ikapanua msimamo huo hadi programu zinazopakuliwa zenye leseni ya kudumu, kwa sharti kwamba anayeuza aifute nakala yake. Ndiyo maana huku kuna biashara halali ya leseni za mtumba.

Na kule Italia mnunuzi mmoja wa laptopu ya Lenovo aliikataa Windows iliyokuja nayo akadai arudishiwe euro 42. Kampuni ilivutana naye mpaka mahakama ya Monza, Desemba 2020, ikaamuru alipwe euro 20,000 kwa usumbufu.

Watu wanauliza kwa nini kila kompyuta inakuja na Windows hata kama huitaki. Miaka ya mwanzo ya 1990 Microsoft ilikuwa na mikataba na watengenezaji wa kulipa kwa kila prosesa iliyouzwa, iwe mashine imewekwa mfumo wao au wa mwingine. Ukiweka mfumo mwingine umelipa mara mbili. Wizara ya Sheria ya Marekani ndiyo iliyowabana waiache mikataba hiyo, kwa makubaliano ya mwaka 1994. Mazoea yakabaki.

#9 Mleta uzi

Mkuu umeshusha nondo, nashukuru. Nisisitize kitu kimoja kwa wasomaji wa huku nyumbani: hukumu hizo ni za Ulaya, na ni za haki ya kuuza. Seva ya Microsoft inaangalia ufunguo na alama ya vifaa, haisomi hukumu. Mkiona mtandaoni ufunguo wa Pro kwa dola tano, mara nyingi umechomolewa kwenye mkataba wa kampuni au chuo na kuuzwa kwa watu kibao. Ufunguo huo unakubali leo, siku mwenye mkataba akigundua au idadi ikizidi ufunguo unazuiwa, na aliyekuuzia humpati tena.

#10 Mchangiaji, Arusha

Wakuu nisaidieni. Nimenunua laptopu nzuri tu ya mtumba, nimepiga Windows 11 upya, nilipounganisha WiFi ikanikaribisha kwa jina la kampuni fulani ya nje na kudai niingie kwa barua pepe ya kazini. Nimefuta diski yote, nimerudia, bado. Ni virusi?

#11 Mleta uzi

Si virusi. Hiyo inaitwa Autopilot, na inatumia kanuni ile ile ya kufunga kwenye vifaa, ila hapa kilichofungwa ni umiliki wa kampuni. Kampuni ilisajili alama ya vifaa vya laptopu hiyo kwenye seva za Microsoft. Kila inapowekewa Windows upya na kuingia intaneti, inauliza kule, inajibiwa kwamba ni mali ya kampuni fulani. Kufuta diski hakusaidii kwa sababu usajili hauko kwenye diski.

Anayepaswa kuiondoa ni kampuni yenyewe. Huenda waliiuza kihalali wakasahau kuifuta kwenye orodha, huenda iliibwa. Rudi kwa aliyekuuzia na risiti yako, yeye ndiye mwenye mawasiliano na walikoitoa. Waandikie na wewe kampuni ukiwapa namba ya mashine. Baadhi hujibu vizuri na kuifuta.

Mnaonunua za mtumba: kabla ya kutoa hela, mwambieni muuzaji airudishe mashine mwanzo kabisa mbele yenu, muunganishe bando la simu, mfike hatua ya mtandao. Jina la kampuni likitokea, iacheni pale. Angalieni pia kama BIOS ina neno la siri, na kama mle ndani Computrace (programu ya kufuatilia laptopu iliyoibwa) imewashwa, kwa sababu hiyo nayo hujirudisha kutoka kwenye BIOS hata ukifuta diski.

#12 Mchangiaji, Dodoma

Vipi kuhusu Windows 11 kwenye laptopu za zamani? Leseni yangu ya 10 ni halali, ila inakataa kupanda.

#13 Mleta uzi

Leseni ya 10 inakubalika kwenye 11, kinachokukatalia ni vifaa. Windows 11 inataka chipu ya usalama TPM 2.0, na kwa Intel inaanzia kizazi cha nane isipokuwa prosesa chache. Laptopu nyingi tulizonazo ni kizazi cha nne hadi cha saba. Kwa maoni yangu hili ni jambo baya, mashine nzima yenye leseni halali inaachwa nyuma. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mtu binafsi kuna mpango wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026.

Kama mashine ni ya kuandikia, intaneti na filamu, mimi nawawekea wateja Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Haiulizi ufunguo, haijali bodi, unaweza kuihamisha na diski yake kwenye laptopu nyingine ikawaka. Ukihitaji programu ya uhasibu ya Windows, hapo itabidi ubadili mashine.

#14 Mchangiaji, Nairobi

Na Mac je? Kuna jamaa anauza kompyuta za kawaida zenye macOS.

#15 Mleta uzi

Mkataba wa Apple unaruhusu macOS kwenye mashine za Apple tu, basi. Kampuni ya Psystar ya Florida ilijaribu biashara hiyo hiyo, Apple ikaishitaki 2008, ikashinda 2009, na rufaa ikatupwa 2011. Mwaka 2020 Apple walianza kuhamia kwenye prosesa zao wenyewe wakamaliza 2023, kwa hiyo hata njia ya kiufundi inazidi kufungwa. Usinunue.

#16 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu nimeendesha ile amri kwenye laptopu mbili. Moja imeleta ufunguo, nyingine imeleta mstari mtupu. Hiyo tupu haina leseni?

#17 Mleta uzi

Tupu maana yake hakuna MSDM kwenye BIOS, lakini usikate tamaa bado. Kama ni ya kabla ya 2012, ufunguo uko kwenye stika. Geuza, toa betri, nyingine huficha stika chini ya betri. Ila kuanzia Septemba 2023 Microsoft walitangaza kuacha kupokea funguo za 7 na 8 kwa kuamilisha 10 au 11, kwa hiyo stika itakusaidia tu kama mashine ilishawahi kupandishwa wakati njia iko wazi. Kujua hilo, piga toleo lililo kwenye stika: stika ikisema Home Premium piga Home, ikisema Professional piga Pro. Ruka ufunguo, unganisha intaneti, subiri kidogo, kisha slmgr /xpr.

Kama ni ya baada ya 2012 na bado ni tupu, linganisha namba ya mashine iliyo kwenye BIOS na iliyobandikwa chini ya laptopu, halafu uniletee majibu hapa.